Mkono Mmoja Haulei Mwana: Kandanda ya Kompyuta na Ulezi wa Timu ya Taifa ya Vijana

Utangulizi

Tarehe 10 Desemba, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mambo hayo mawili, utamaduni na vijana, yaliwekwa chini ya paa moja, wala hatudhani kwamba yaliwekwa hivyo kwa bahati. Utamaduni usiopokewa na vijana ni sawa na mtungi uliopasuka: hata ukijazwa asubuhi, jioni hukutwa mkavu. Nao vijana wasio na utamaduni wa kuwashika mkono hukua kama mmea wa porini, usiojulikana ni wa nani wala utazaa nini.

Michezo ni sehemu ya utamaduni huo. Serikali ilikwisha kulitambua jambo hili mapema, ndiyo maana mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Tangu hapo yameandikwa mengi juu ya ngoma zetu, juu ya mieleka, juu ya mashindano ya mashuleni na juu ya kandanda ya viwanjani. Katika insha hii tunakusudia kuuchunguza mchezo ambao wazee wengi hawaujui na ambao vijana wengi hucheza pasipo kuufikiria: kandanda inayochezwa kwa kompyuta kupitia intaneti, na hasa kazi ya kuiongoza timu ya taifa ya vijana ya nchi iliyo ndogo katika mchezo huo. Yamkini msomaji atauliza, mchezo uliozaliwa ughaibuni, usio na jasho wala vumbi, una uhusiano gani na utamaduni wa Taifa letu? Tunamwomba avumilie. Tutaanza na mchezo anaoufahamu.

Bao: Mwalimu wa Kwanza

Mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa kwamba kuna michezo ichezwayo kwa akili, mchezaji akiwa ameketi. Bao la Kiswahili lina ubao wenye mashimo 32, yaliyopangwa kwa safu nne, kila safu mashimo manane. Nazo kete zake ni 64. Kila mchezaji huanza akiwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hizo 22 ndizo akiba yake. Wakati wa namua huziingiza moja moja, kila zamu kete moja, na zikimwishia mkononi ndipo mchezo unapoingia kwenye mtaji, ambapo mtu hutegemea kile tu alichokwisha kukipanda.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kuwa mpenzi wa bao, na si ajabu, kwani bao ni darasa la uongozi. Mchezaji hodari si yule anayekula kete nyingi mwanzoni. Ni yule anayejua ana kete ngapi, ziko wapi, na baada ya zamu kadhaa zitakuwa wapi. Asiyehesabu huwa na mikono miepesi na maneno mengi, kisha hushtukia shimo lake kuu ni tupu. Tafadhali msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya kete 64, kwa maana tutaikuta tena mahali asipopatarajia.

Asili ya Kandanda ya Kompyuta

Mnamo mwaka 1982 Mwingereza Kevin Toms alitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa Football Manager. Kompyuta za majumbani za siku zile zilikuwa na uwezo mdogo mno, na mchezo wenyewe ulikuwa zaidi wa maandishi na tarakimu kuliko wa picha. Lakini wazo lake lilikuwa jipya: mchezaji hapigi mpira, bali huiongoza timu. Hununua na kuuza wanasoka, huchagua watakaoingia uwanjani, kisha huketi na kungoja matokeo kama wangojavyo makocha wote duniani. Miaka 10 baadaye, mwaka 1992, ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, walitoa Championship Manager, ambao ulizidi kuikaribia hali halisi ya kandanda.

Michezo hiyo ilikuwa na upungufu mmoja: mtu aliicheza peke yake, akishindana na mashine. Upungufu huo uliondolewa na intaneti. Mwaka 1997 ulianzishwa nchini Sweden mchezo uitwao Hattrick, jina lenye maana ya mwanasoka mmoja kufunga mabao matatu katika mechi moja. Hapa kila timu ina mtu wa kweli nyuma yake. Ligi ni za timu nane nane, zinazokutana mara mbili na kufanya jumla ya michezo 14; msimu mzima huchukua majuma 16 ya kalenda yetu hii ya kawaida. Mechi huchezwa saa iliyopangwa, iwe mwenye timu yuko macho au amelala, na taarifa yake hutolewa kwa maandishi, dakika baada ya dakika. Haisimamishwi wala hairudiwi. Aliyekosea hungoja juma lijalo.

Mchezo huo ulianza kwa Waswidi peke yao, kisha ukafunguliwa kwa mataifa mengine, hata ukaingia katika nchi zaidi ya mia moja, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Mnamo mwaka 2009 wenye timu duniani kote walikaribia milioni moja. Baadaye idadi yao ilipungua sana, maana michezo yenye picha za kumetameta iliwavuta vijana upande mwingine. Hata hivyo Hattrick haukufa, na waliobaki ndani yake ni watu wa subira.

Taifa Dogo ni Lipi?

Katika mchezo huu kila nchi ina timu mbili za taifa: ya wakubwa na ya vijana. Ile ya vijana kwa muda mrefu ilikuwa na kikomo cha miaka 20, kisha kikomo hicho kikasogezwa mbele kwa mwaka mmoja. Kocha wa taifa hateuliwi na chama wala na serikali. Huchaguliwa kwa kura na wenye timu wa nchi hiyo, naye huongoza kwa kipindi maalumu, kisha hurudi kwao kuomba kura au kumpisha mwingine.

Hapo ndipo maana ya udogo na ukubwa inapogeuka. Ukubwa wa taifa katika mchezo huu haupimwi kwa ardhi yake, wala kwa wingi wa watu wake, bali kwa idadi ya raia walioamua kuwa na timu. Uswisi, nchi ya milima yenye watu wasiofika milioni kumi, ni jitu. Tanzania, pamoja na mito yake, maziwa yake na makumi ya mamilioni ya watu wake, ni mtoto mdogo. Sababu yake ni ya hesabu tu. Mwenye timu huweza kupandisha kijana mmoja kwa juma kutoka katika timu yake ya watoto kuingia timu ya wakubwa, na kijana huyo huwa raia wa nchi ya klabu iliyomkuza. Tuseme, kwa mfano, taifa moja lina wenye timu 10,000 na jingine lina 100. La kwanza laweza kupata vijana hadi 10,000 kwa juma, la pili 100. Katika wale 10,000 kocha huokota vito akavitupa vingine. Katika wale 100 kocha hana budi kumwangalia kila mmoja usoni.

Kwa hakika hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya taifa kubwa na taifa dogo. Kubwa huchagua. Dogo hulea.

Kulea Mtoto Aliye Nyumba ya Mwingine

Kwa bahati mbaya, au pengine kwa bahati njema, kocha wa taifa katika mchezo huu hana mwanasoka hata mmoja aliye mali yake. Vijana wote ni mali ya klabu, na mazoezi yote hufanyika katika klabu. Kila juma mwenye klabu huchagua aina moja tu ya zoezi: ulinzi wa lango, ulinzi, uchezaji wa kiungo, uwinga, pasi, ufungaji mabao au mipira ya adhabu. Kijana hunufaika kikamilifu endapo tu amechezeshwa nafasi inayolingana na zoezi hilo. Hivyo kijana mwenye kipaji cha ulinzi akiangukia katika klabu inayofundisha uwinga, kipaji chake hulala kama mbegu iliyomwagwa juu ya jabali.

Zaidi ya hayo, vijana huuzwa kwa mnada unaodumu siku tatu, na mnunuzi aweza kuwa mtu wa nchi yoyote. Kijana aliyekuzwa na klabu ya Mtanzania huweza kununuliwa na Mpolandi, kisha Mjerumani, kisha Mwajentina. Uraia wake haubadiliki. Popote alipo, taifa lake laweza kumwita. Lakini je, atakapoitwa atakuwa ameiva, au atakuwa amepitwa na wakati akiwa kwenye benchi la mtu asiyejua hata Tanzania iko upande gani wa ramani?

Basi silaha ya kocha wa taifa dogo ni barua. Sisi wenyewe tuliwahi kukabidhiwa dhamana hiyo, kwa kura chache ambazo vidole vya mikono miwili vilitosha kuzihesabu, nasi tuliyaona haya kwa macho yetu. Kila jioni, baada ya kazi za ofisi, tuliketi kuwaandikia watu ambao hatujawahi kuwaona. Tuliandika kwa adabu, kama mzazi anayemwandikia mjomba wa mbali anayekaa na mwanawe: kijana uliyemnunua juzi ni tegemeo la nchi yetu, tunakuomba, ukiweza, umfundishe ulinzi kwa majuma kadha wa kadha, wala usimuuze kabla ya msimu kwisha. Wengine hawakujibu. Wengine walijibu kwamba wao wanafuata faida, na jibu hilo lilikuwa halali yao. Lakini walikuwepo waliojibu kwa furaha, wakabadili mpango mzima wa mazoezi ya klabu zao kwa ajili ya nchi ambayo hawana jamaa ndani yake. Walitaka tu siku moja kusoma katika taarifa ya mechi kwamba kijana waliyemlea ameliwakilisha taifa lake.

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii tulikuwa tukiifundisha na kuitungia mashairi miaka mingi, lakini tulikuwa tukiifikiria kwa kipimo cha kijiji: shangazi, bibi, jirani. Mchezo huu ulitufundisha kuifikiria kwa kipimo cha dunia. Na tulipoyatazama maisha ya kweli tukaona kwamba ndivyo yalivyo. Mbwana Samatta, mtoto wa Dar es Salaam, alipita African Lyon na Simba, kisha mwaka 2011 akapokewa na TP Mazembe ya Lubumbashi, mji ambao Kiswahili hakimshindi mtu kuishi. Huko alitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2015. Mwaka 2016 alikwenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Ni mikono mingapi hiyo? Wala hakuacha kuwa wa kwetu.

Majuma 64

Sasa tuje kwenye hesabu. Katika Hattrick mwaka mmoja wa umri wa mwanasoka ni siku 112, yaani majuma 16, sawa na msimu mmoja. Umri wa kila mmoja huandikwa kwa miaka na siku, na mashine huuongeza kila usiku bila kupendelea mtu. Kijana hupandishwa timu ya wakubwa akiwa na miaka 17. Ikiwa kikomo chake ni siku atakapotimiza miaka 21, basi tangu kutimiza 17 hadi siku hiyo ni siku 448, sawa na majuma 64. Zoezi ni moja kwa juma. Kwa hiyo mlezi ana mazoezi 64 tu, hakuna la 65. Kete za bao ni 64. Hatusemi kwamba aliyeutunga mchezo huo alilijua bao letu. Twasema tu kwamba aliyelelewa na bao hawezi kuiona hesabu hiyo asitabasamu, kisha asitahadhari.

Ustadi wa ukocha wa vijana umo katika kuhesabu tarehe za kuzaliwa. Kombe la Dunia la vijana lina siku zake. Kijana bora aliyezaliwa mapema mno atakuwa amevuka umri kabla ya mechi kubwa. Aliyezaliwa baadaye mno atakuwa bado mbichi. Anayefaa ni yule ambaye siku ya fainali atakuwa amebakiza siku chache tu za ujana wake, kwa maana huyo atakuwa ameyapata karibu mazoezi yote. Basi kocha huandika daftari: jina, siku ya kuzaliwa, klabu aliko, zoezi analopata, mechi gani atakuwepo na mechi gani hatakuwepo.

Tunakiri hapa kosa letu, ili vijana wajifunze. Tulikuwa na mlinda mlango mmoja tuliyemtegemea kupita wote. Mlezi wake, mtu wa nchi ya mbali, alikuwa amemfundisha bila kukosa hata juma moja. Sisi katika daftari letu tulihesabu majuma, hatukuhesabu siku. Ilipofika mechi ya kuamua kama tutasonga mbele, tulifungua orodha tukakuta amekwisha kuvuka umri siku tatu zilizopita. Tulimweka mwingine, mdogo, ambaye hatukuwa tumemwandikia mlezi wake hata barua moja, kwa sababu tulijiona tuna kipa tayari. Tulifungwa. Hapakuwa na mwamuzi wa kumlaumu, wala uwanja mbovu, wala hila za mpinzani. Siku tatu zilitushinda. Kazi iliyokuwa ngumu baada ya hapo haikuwa kukubali kufungwa, bali kumwandikia yule mlezi aliyefanya kazi ya majuma mengi na kumweleza ni kwa nini kijana wake hakuonekana. Naye alijibu kwa sentensi moja tu: tuanze na mwingine.

Umri Katika Viwanja vya Kweli

Katika mchezo wa kompyuta umri haudanganyiki, maana mtunza tarehe ni mashine. Katika viwanja vya kweli mtunza tarehe ni binadamu, na hapo ndipo historia inapokuwa na uchungu.

Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, lilianzisha mashindano ya dunia ya vijana mwaka 1977 nchini Tunisia. Mwaka 1985 yakafuata mashindano ya vijana wa chini ya miaka 16 nchini China, ambako Nigeria ilitwaa ubingwa, na bara lote likafurahi. Lakini heshima ilipokuja, vishawishi navyo vilikuja. Mwaka 1988 Mexico iligundulika kuwachezesha vijana waliozidi umri katika michezo ya kufuzu. Ilifungiwa, hata timu yake ya wakubwa ikayakosa mashindano ya Kombe la Dunia ya 1990. Nigeria nayo ilifungiwa miaka miwili katika mashindano ya vijana kwa sababu ya tarehe za kuzaliwa zisizopatana, na ikanyang'anywa uenyeji wa mashindano ya mwaka 1991.

Nasi hatukusalimika. Mwaka 2005 timu yetu ya Serengeti Boys, baada ya kupigania na kuipata nafasi ya kwenda fainali za vijana wa Afrika nchini Gambia, iliondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Kosa la umri wa mmoja liliwaadhibu wote. Vijana waliokuwa na umri halali, waliokuwa wamekwisha kuwaaga mama zao, walibaki nyumbani.

Mnamo mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 17 nchini Nigeria, FIFA ilianza kutumia kipimo cha kupiga picha mfupa wa kifundo cha mkono ili kuona kama sehemu inayokua imekwisha kufunga. Kipimo hicho hakitaji tarehe ya kuzaliwa. Kinaonyesha tu kwamba mfupa umekomaa. Ni kipimo kisaidiacho, lakini hakiwezi kuchukua mahali pa ukweli wa mzazi na mwalimu.

Kisha zamu ikageuka. Katika michezo ya kufuzu fainali za 2017, Kongo ya Brazzaville iliondolewa kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wake kwenye kipimo cha umri, na nafasi yake ikapewa Tanzania. Huko Gabon vijana wetu walitoka sare na Mali bila bao, wakaifunga Angola mabao 2 kwa 1, kisha wakafungwa na Niger bao 1 kwa 0, wakarudi nyumbani. Msomaji auone mzani huo: mwaka 2005 uongo wa umri ulitufungia mlango, na miaka 12 baadaye kushindwa kwa wengine kuuthibitisha umri kulitufungulia. Aliyewahi kukaa pande zote mbili za mzani hana udhuru wa kutojua uzito wake.

Watu wengine husema kwamba kupunguza umri ni ujanja tu, na kwamba kila nchi hufanya. La hasha. Kila mkubwa anayejipenyeza katika timu ya watoto huchukua kiti cha mtoto mmoja. Taifa kubwa laweza kupoteza mtoto mmoja lisishtuke, kwa kuwa lina wengine nyuma yake. Taifa dogo likimpoteza mmoja limepoteza sehemu ya akiba, na akiba ya taifa dogo, kama ile ya namua, huhesabika. Isitoshe, ushindi ulioletwa na watu wazima haulifundishi taifa lolote. Hulificha udhaifu wa malezi mpaka siku utakapofichuka wenyewe.

Yale Ambayo Mchezo Hauyafundishi

Tumeusifu mchezo huu, sasa hatuna budi kuutia mahali pake. Wanasoka wake ni wa kubuniwa. Wana majina, wana tabia, wamepewa hata viwango vya uaminifu na uongozi. Lakini hawaoni njaa, hawaugui malaria wakati wa mitihani, hawana baba asiyetaka kusikia habari za mpira. Mlezi akimkosesha kijana zoezi, kijana hanung'uniki. Na jambo lililo kubwa kuliko yote: kijana akivuka umri, kocha hupiga mstari juu ya jina lake katika daftari, akageuza ukurasa. Sisi tulipiga mistari mingi ya namna hiyo pasipo majuto, na katika mchezo haikuwa dhambi.

Lakini Taifa haliwezi kuwapigia watoto wake mstari. Mwezi Aprili 2019 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17. Uwanja wa Taifa ulishuhudia Serengeti Boys wakipambana na Nigeria katika mchezo wa mabao tisa na kushindwa 5 kwa 4. Michezo miwili iliyofuata, dhidi ya Uganda na Angola, nayo walishindwa. Mwezi Oktoba 2022 Serengeti Girls walicheza mashindano ya dunia nchini India, wakaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, wakafika robo fainali na kutolewa na Kolombia. Tuliwashangilia, na tulistahili kuwashangilia. Swali ambalo mchezo wa kompyuta hauliulizi, na ambalo Taifa halina budi kuliuliza, ni hili: kesho yake, waliporudi, walirudi kwa nani? Yupi alirudi darasani, yupi alipata klabu, yupi aliumia goti akasahauliwa? Timu ya vijana si tunda la kuchumwa. Ni kitalu. Mkulima anayekisifu kitalu chake kwa uzuri wa miche, asijue miche hiyo ilikwenda kupandwa wapi, hajalima bado.

Hitimisho

Tumeona kwamba mchezo uliozaliwa Sweden mwaka 1997 unaweza kutufunza lile ambalo bao letu lilikuwa likitufunza siku zote: jua ulichonacho, kihesabu kwa kweli, kitunze mpaka wakati wake. Hatuoni haya kujifunza kwa wengine, maadamu tunachokileta nyumbani kinakaa vyema karibu na kile tulichokikuta.

Walimu wetu, ambao ndio makocha wa kwanza wa vijana wa Taifa hili, wanaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji kompyuta wala fedha. Kila shule inayopeleka wanamichezo katika UMITASHUMTA na UMISSETA iwe na daftari. Ndani yake liandikwe jina la kila kijana, tarehe yake ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, nafasi anayocheza, mazoezi anayopata, na maendeleo yake ya masomo. Daftari hilo liwe na safu moja zaidi, ambayo daftari letu la mchezo halikuwa nayo: mahali alipo kijana huyo baada ya umri wake wa mashindano kupita. Safu hiyo ijazwe mwaka hadi mwaka, hata kama kinachoandikwa ni kwamba anafundisha shule ya msingi, analima, au anacheza timu ya kata.

Nanyi wanafunzi mnaousoma ukurasa huu, siku moja mtu atawashawishi mtaje umri usio wenu, ama kwa kuupunguza, ama kwa kunyamaza wakati mwenzenu anapoupunguza. Wakumbukeni vijana wa 2005 waliobaki nyumbani ilhali wao hawakukosa. Siku mtu aliyozaliwa ni mali ambayo hata maskini wa mwisho anayo, wala hapana mtu wa kumnyang'anya isipokuwa aitoe mwenyewe.

Tulipomaliza kipindi chetu cha ukocha tulimkabidhi daftari kijana aliyechaguliwa baada yetu. Alilipekua mpaka mwisho, akahesabu majina yasiyopigwa mstari, akasema, “Shikamoo, mzee. Hawa waliobaki wana siku ngapi?” Tuliitikia salamu yake, tukaketi naye, tukaanza kuhesabu: mara hii siku, si majuma.